Haibridi ya Kuchomeka Arusha na Moshi: Namna ya Kuzuia Baridi, Joto na AC Visile Mafuta Yako (Mwongozo Kamili)

Juni ikiingia, malalamiko ya Arusha huwa yaleyale: "Nimechaji usiku kucha, betri imejaa, natoka Njiro asubuhi, hata Kijenge sijafika injini imeshawaka. Nimeuziwa kanyaboya?" Januari zamu inahamia Moshi: "Zamani betri ilinipeleka kazini na kunirudisha, siku hizi inakata njiani."

Mara nyingi gari ni zima. Shida iko kwenye vitufe vya AC na hita, mahali gari linapolala, na saa unayochaji. Baridi yetu ya nyuzi 12 au 13 alfajiri ni ndogo mno kuiumiza betri. Kinachowasha injini ni ombi lako la joto. Na AC haihesabu kilomita, inahesabu muda. Ni kibarua wa kutwa, umlipe hata kama gari limesimama kwenye foleni.

Mwongozo huu unahusu haibridi (magari yenye injini ya petroli na mota ya umeme) zenye tundu la kuchaji tunazoziona sana hapa kwetu: Mitsubishi Outlander PHEV (betri ya kilowati-saa 12, na baadaye 13.8 kwenye zile za injini ya 2.4) na Toyota Prius PHV (4.4 kwa toleo la kwanza, 8.8 kwa lile lililotoka 2017). Mwenye Aqua au Prius ya kawaida isiyochomeka atanufaika na hatua ya 4, ya 5 na ya 7.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari au simu ya kuandikia kilomita, uniti (uniti moja ni kilowati-saa moja) na lita. Bila kuandika utaishia kubishana na kumbukumbu zako.
- Mita ndogo ya plagi inayopima uniti zinazopita. Ukiikosa, soma mita ya LUKU unapochomeka na unapochomoa, ila kumbuka friji na taa nazo zinakula humohumo.
- Kipima upepo wa matairi cha kwako mwenyewe. Vile vya sheli vingi vimechoka.
- Vitambaa viwili vya kufutia kioo kwa ndani, kimoja cha kusafishia na kingine kikavu.
- Pazia la kung'aa la kioo cha mbele.
- Filta mpya ya AC, ile ya hewa ya ndani ya gari.
- Waya wa kuchaji ulioandikwa voti 220–240, wenye kichwa cha pini tano upande wa gari na plagi ya pini tatu bapa upande wa ukuta.
- Koti. Sitanii. Hakuna kifaa kwenye orodha hii kitakachokuokolea wese mwingi kuliko koti.

Onyo kuhusu waya. Uliokuja na gari kutoka Japani ulitengenezwa kwa umeme wa kule, voti 100 au 200. Soma kibandiko chake. Ulioandikwa 100 pekee usiuchomeke kwenye umeme wetu wa 230 hata kwa kujaribu. Soketi utakayotumia iwe na erthi inayofanya kazi na iwe peke yake kwenye breka yake. Eksitensheni ya dukani ya kuchomekea redio na pasi haifai hapa: inabeba ampea 10 kwa saa nne au tano mfululizo, inapata moto, inayeyuka.

## Hatua ya 1: Jua gari lako linapata joto kutoka wapi

Hapa ndipo wengi wanapotelezea, kwa sababu Outlander mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana kabisa kwa ndani. Huko Japani hita ya umeme haikuwekwa kwenye kila gari. Ilitegemea daraja la gari au nyongeza aliyoilipia mnunuzi wa kwanza. Gari lisilo nayo lina njia moja tu ya kupata joto, nayo ni kuwasha injini ili maji ya rejeta yapate moto.

Fanya jaribio hili alfajiri, gari likiwa limelala nje na betri imejaa:

1. Washa mpaka taa ya READY itokee. AC na feni vyote vizimwe. Subiri dakika mbili.
2. Injini ikiwa kimya, washa feni katikati na uweke joto nyuzi 28.
3. Sikiliza, na uangalie mchoro wa nishati kwenye skrini.

Injini ikiwaka muda mfupi baada ya hapo, hita yako inategemea injini. Prius PHV ya toleo la kwanza nayo iko kundi hili. Injini ikikaa kimya na hewa ya moto ikaja, una hita ya umeme, au pampu ya joto kama ni Prius PHV ya kuanzia 2017. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa. Hita ya umeme hugeuza uniti moja kuwa joto la uniti moja, na ikianza huweza kuvuta kilowati 4 au zaidi. Pampu ya joto huchota joto lililoko kwenye hewa ya nje, kwa hiyo hutoa joto jingi kuliko umeme inaokula.

Onyo. Fanya jaribio hili uwanjani. Gereji iliyofungwa hapana, kwa kuwa injini itakapowaka itajaza moshi wa sumu usiokuwa na harufu ya kukushtua.

Umefaulu ukiweza kusema bila kubahatisha: "Gari langu linawasha injini kwa ajili ya joto" au "haliwashi". Andika jibu ukurasa wa kwanza wa daftari. Hatua zote zinazofuata zinalitegemea.

## Hatua ya 2: Pima gari likiwa halina mzigo wa AC

Chagua njia unayoijua, uipite saa zilezile, kwenda na kurudi, AC na hita vikiwa vimezimwa. Andika kilomita ulizotembea na uniti zilizorudi kwenye betri ulipochaji tena.

Kwa nini kwenda na kurudi? Kwa sababu ya mlima. Moshi mjini iko chini ya Arusha kwa zaidi ya mita 500. Outlander yenye abiria ina uzito wa karibu tani 2.1, na kuupandisha uzito huo mita 500 kunahitaji karibu uniti 3 za umeme, kabla hata hujahesabu msuguano wa matairi wala upepo. Betri ya kilowati-saa 12 haikupi zote 12; zinazotumika kweli ni kama 8 au 9, zilizobaki gari linazizuia ili kuilinda betri. Theluthi nzima inaishia kwenye mwinuko. Mtu anayepima Arusha kwenda Usa River peke yake atajisifu kila mahali. Anayepima Moshi kwenda Boma Ng'ombe atalia. Wote wawili wamepima mlima, hawakupima gari.

Ukishapata kipimo cha msingi, rudia njia ileile ukiwa na AC. Hapo utaona ule muda ninaousemea. AC ikishatuliza joto la ndani huvuta kama kilowati 1 hadi 1.5 kwenye jua kali. Chukua 1.5 na safari ya kilomita 20:

- Ukitembea wastani wa 60 kwa saa, unafika baada ya dakika 20. AC imekula nusu uniti.
- Ukikwama kwenye foleni na wastani ukawa 20 kwa saa, umekaa saa nzima. AC imekula uniti moja na nusu.

Gari lenyewe kwa kilomita hizo 20 linahitaji kama uniti 4. Kwa hiyo AC ileile, nyuzi zilezile, imetoka kuwa nyongeza ndogo hadi kuwa zaidi ya robo ya matumizi yote. Anayeshinda kwenye foleni za mjini asijilinganishe na jirani anayetokea Kisongo barabara ikiwa tupu.

Kipimo kizuri ni kile ambacho ukirudia njia ileile, hali ya hewa ileile, namba mbili zinakaribiana. Zikipishana sana, tafuta kilichobadilika: foleni, abiria, mvua, au dereva.

## Hatua ya 3: Asubuhi ya baridi

Juni hadi Agosti, Ngaramtoni, Ilboru, Sakina na sehemu za juu za Kibosho na Marangu. Hatua hii ndiyo yenye pesa nyingi, tuikalie.

Shusha namba ya joto usiku, kabla hujazima gari. Mchana jana uliweka AUTO nyuzi 25, na kwa jua la saa nane 25 ni ubaridi. Gari linakumbuka. Asubuhi nje kuna 13, na 25 ileile sasa ni ombi la joto. Hukugusa kitufe chochote, ila kompyuta imesoma tofauti ya nyuzi 12 ikatii. Hiki ndicho kisa cha malalamiko mengi ya Juni. Ukifika nyumbani jioni, shusha namba hadi mwisho au zima mfumo mzima ndipo uzime gari.

Vaa koti, washa joto la kiti. Kama gari lina kiti cha kupasha, kitumie kwanza. Kiti kimoja hula wati zisizofika 100, wakati hita ya umeme hula maelfu. Mgongo ukipata joto, mwili wote unatulia.

Mwenye hita ya injini: safari fupi ya mjini, usiombe joto kabisa. Injini baridi hunyonya mafuta mengi kuliko ya moto, na ikishawaka haizimi haraka. Inataka kwanza ipate moto, na kisafisha-moshi kwenye bomba la ekzosi nacho kipate moto. Ukiiwasha kilomita mbili kabla ya ofisi, umelipia moto ambao hutautumia. Ni matumizi mabaya kuliko yote ambayo haibridi ya kuchomeka inaweza kupata. Lakini siku ya safari ndefu, washa hita bila hofu, tena mapema, halafu acha injini ifanye kazi ya barabara kuu. Joto hapo linakuja bure.

Mwenye hita ya umeme au pampu: pasha gari likiwa bado limechomeka ukutani, kwa kutumia taima au rimoti kama ipo. Dakika 10 zinatosha. Ukiacha nusu saa unapoteza, na sababu ni hesabu: waya wa ampea 10 unaleta kilowati 2.3, hita ikivuta 4 pengo linatoka kwenye betri uliyoichaji usiku mzima.

Umefaulu ukitoka nyumbani hadi lami, ukafika kazini, na mchoro wa injini haujawahi kuwaka rangi. Kama uliwaka, angalia kwanza namba ya joto kabla ya kumpigia fundi.

## Hatua ya 4: Kioo chenye ukungu na mvua ya masika

Mvua za Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba na Desemba, zina mtego wake. Kioo cha mbele kinaota ukungu kwa ndani, dereva anabonyeza kile kitufe chenye alama ya kioo na mishale ya mvuke, na injini inawaka papo hapo. Kitufe hicho kinaomba vyote kwa pamoja: feni ya juu, kompresa, hewa ya nje na joto. Hata Prius PHV yenye pampu ya joto inaweza kuwasha injini ukikibonyeza.

Ukungu ni unyevu wa pumzi zenu na nguo mbichi unaoganda kwenye kioo cha baridi. Dawa yake ni hewa kavu, na hewa kavu inatengenezwa na kompresa ya AC. Joto husaidia tu. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Futa kioo kwa ndani jioni, kwa kitambaa chenye sabuni kidogo kisha kikavu. Kioo chenye mafuta ya mikono na vumbi hushika ukungu haraka mara nyingi zaidi ya kisafi.
2. Kung'uta kapeti zenye maji. Mwavuli uliolowa uweke buti. Kapeti mbichi italeta ukungu siku tatu mfululizo.
3. Ukishaingia, zima mzunguko wa hewa ya ndani. Chagua hewa ya nje.
4. Elekeza hewa kwenye kioo kwa kitufe cha kawaida cha mwelekeo, washa A/C, na namba ya joto ibaki chini.
5. Fungua kioo cha nyuma upana wa kidole kama mmejaa watoto wa shule.
6. Kioo cha nyuma tumia nyaya zake za kupasha. Zinatumia umeme kidogo na haziiti injini.

Onyo, na hili halina mjadala. Kama huoni mbele, bonyeza kitufe kikubwa, injini iwake, ule mafuta. Ukungu wa Ngaramtoni saa kumi na mbili asubuhi, bodaboda zikiwa hazina taa, si mahali pa kubana matumizi.

Usishangae matumizi yakipanda siku ya mvua hata bila AC. Tairi inasukuma maji kila mzunguko, na kazi hiyo inalipiwa.

## Hatua ya 5: Joto la Moshi

Januari na Februari mchana Moshi hufika nyuzi 33 na zaidi, na gari lililosimama juani ndani huvuka 50 kirahisi. AC ikianzia hapo huvuta maradufu ya ile ya kawaida, au zaidi, mpaka itulie. Kazi yako ni kuipunguzia mwanzo.

Egesha kivulini hata kama utatembea kidogo. Ukikosa mti, pazia la kioo cha mbele, na uso wa gari uelekee mbali na jua la mchana. Unapoondoka, fungua vioo vyote, endesha dakika mbili tatu feni ikiwa juu na hewa ya nje ikiingia, joto litoke. Kisha funga vioo, washa AC, na sasa weka mzunguko wa hewa ya ndani, ili kompresa ipoze hewa iliyokwishapozwa badala ya kuhangaika na ya nje. Wengi huwasha mzunguko wa ndani tangu sekunde ya kwanza. Wanapoza hewa ya nyuzi 50 wakati nje kuna 33.

Namba iwe 25 au 26. Ukiweka LO hupati ubaridi wa haraka wa maana, unapata tu kompresa isiyopumzika.

Vioo wazi au AC? Ndani ya mji, mwendo mdogo, vioo wazi ni nafuu. Barabara kuu ukivuka 70 hivi, upepo unaoingia unalikwamisha gari. Funga na utumie AC.

Kwenye Prius, angalia tundu la hewa lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Betri inavuta hewa ya ndani kupitia hapo ili ipoe. Usilizibe kwa kiroba, blanketi wala kiti cha mtoto, na lisafishe, maana vumbi letu la volkano ni laini kama poda na linaingia kila mahali. Betri ikipata moto sana, gari litapunguza nguvu zake na kuita injini.

Onyo. Gari likiwa READY linakaa kimya kabisa. Watu hushuka wakidhani limezimika. AC inaendelea, betri inashuka, kisha injini inawaka yenyewe. Kama ni kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, hilo linaua. Na mtoto asiachwe ndani kwa kuaminia AC.

## Hatua ya 6: Chaji kwa kufuata hali ya hewa

Betri haipendi vitu viwili kwa pamoja: kujaa na kukaa kwenye joto. Moshi, usichaji ikajaa saa tatu asubuhi halafu gari likashinda juani. Tumia taima ili ikamilike muda mfupi kabla ya kuondoka. Kwa kilowati 2.3, betri ya Outlander iliyokwisha huhitaji saa nne na kidogo. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, ianze saa saba usiku. Hapo betri imeshapoa kutoka safari ya jioni, na kwa Arusha betri inakuwa bado na kajoto ka kuchajiwa unapoondoka.

Anayeishi mlimani, Marangu au Kibosho, aache nafasi kidogo. Betri iliyojaa pomoni haiwezi kupokea umeme wa breki wakati wa kuteremka, na gari huweza kuizungusha injini ili kusaidia kupunguza mwendo. Ukikatiza kuchaji mapema kidogo, mteremko wenyewe utaijaza.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke. Angalia pia uniti za LUKU kabla ya kulala, zisije zikaisha saa tisa usiku ukaamkia nusu betri. Na kama mita yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, jua kwamba gari litakutoa humo. Uniti 8 kwa usiku mmoja zinazimaliza 75 ndani ya siku kumi.

Kuchaji kwenye mvua kunawezekana kama waya umetengenezwa kwa nje na kile kisanduku chake kimening'inizwa, hakijalala kwenye maji. Soketi ya ukutani ndiyo isiyotakiwa kulowa.

## Safari ya Moshi na Arusha: gawa betri

Kama kilomita 80 hivi, na betri ya Outlander haitazimaliza. Swali ni wapi utumie umeme na wapi injini.

Ukipanda kutoka Moshi: toka mjini kwa umeme. Barabara ikifunguka bonyeza SAVE (kitufe cha kutunza chaji ya betri), injini ichukue kazi. Kwenye Outlander, injini ikifanya kazi mwendo ukivuka 65 au 70 hivi, inashikana moja kwa moja na magurudumu, na hapo ndipo inapotumia mafuta vizuri. Kukiwa na baridi upande wa Arusha, joto la injini hiyo ndilo litakalokupasha. Ukifika Maji ya Chai na Usa River, maeneo ya 50 yenye tochi, toa SAVE urudi kwenye umeme. Mwendo mdogo ndio nyumbani kwa betri. Umeme uliobaki ukuingize Arusha kwenye foleni.

Ukishuka kutoka Arusha, anza kwa umeme, acha breki za umeme zirudishe kinachorudi. Kwenye Outlander ongeza nguvu ya breki hizo kwa vile vishikio vya nyuma ya usukani. AC utaihitaji ukikaribia Boma, kwa hiyo usifike huko betri ikiwa sifuri.

## Hatua ya 7: Matunzo yanayogusa AC na hali ya hewa

Upepo wa matairi hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za baridi. Pima asubuhi kabla ya kutembea, ujaze kwa namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Uliyojaza Februari haitakuwa ileile Julai.

Filta ya AC itoe uitazame kila unapomwaga oili. Kwa barabara za vumbi itakuwa ya kijivu mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ikiziba, feni inapiga kelele na ubaridi haufiki, unashusha namba ya joto na kuongeza feni, matumizi yanapanda.

Kwenye gesi, sikiliza vizuri. Kompresa ya magari haya inaendeshwa na umeme mkubwa wa betri, si mkanda. Oili yake ni maalumu, ya kundi la POE, isiyopitisha umeme. Fundi akiingiza oili ya kompresa za kawaida, hata kidogo iliyobaki kwenye mashine yake, kinga ya umeme inaharibika, gari linaweza kuleta taa za hitilafu na kugoma kuwaka, na kompresa mpya si bei ya mzaha. Kabla hajaunganisha mpira wake muulize: "Fundi, mashine hii umeshawahi kujazia gari za kawaida? Oili ya haibridi unayo?" Akikwambia gesi ni gesi tu, mshukuru uondoke. Waya za rangi ya chungwa asiguse asiyefundishwa.

## Piga hesabu kwa shilingi

Kilomita kwa lita za kwenye dashibodi zitakudanganya, kwa sababu hazihesabu umeme. Chukua risiti ya LUKU, gawa pesa kwa uniti. Chukua bei ya petroli ya mji wako. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na ya Arusha haifanani na ya Dar.

Tuseme uniti ni shilingi 356 na petroli 3,000. Uniti 9 zimekupeleka kilomita 40: shilingi 3,204, yaani 80 kwa kilomita. Injini ikikupa kilomita 13 kwa lita, ni 230 kwa kilomita. AC ya saa nzima kwenye foleni, uniti 1.5, ni kama 534. Hiyo inavumilika. Usijitese juani kwa ajili ya shilingi mia tano. Kinachouma ni betri kuisha kwa sababu hiyo, na kilomita saba zilizobaki kuhamia kwenye 230.

## Ukifuata yote na injini bado inawaka

Kagua kwa mpangilio huu:

- Namba ya joto na kitufe cha kioo cha mbele. Tena.
- Mguu. Ukikanyaga kwa nguvu, gari linaomba msaada wa injini hata betri ikiwa imejaa. Outlander zenye kitufe cha EV huvumilia zaidi.
- Mafuta ya zamani. Baadhi ya magari haya, Outlander ikiwemo, huwasha injini kwa makusudi kama hujaongeza mafuta kwa muda mrefu, ili petroli isiozee tangini. Ongeza lita 15 au zaidi.
- Betri yenyewe. Ya Outlander ya kilowati-saa 12 ilitoka kiwandani ikiwa na voti 300 na ampea-saa 40. Mwambie fundi mwenye kifaa cha kusomea akupe namba ya sasa ya ampea-saa. Ikisoma 28, umebaki na asilimia 70, na hakuna koti wala pazia litakalorudisha zile kilomita. Panga safari zako kwa betri uliyonayo, au anza kutafuta nyingine.